Mtutu Uangalie Tuta

Kuna watu wasioweza kusikia "ajali haina kinga" bila kukunja uso, na msimamizi wa uwanja wa shabaha alikuwa mmoja wao. Akiikuta imeandikwa nyuma ya lori, husonya. "Haina kinga kwa wazembe," husema, hata kama hakuna aliyemwuliza. "Kwangu mimi ajali ina kinga, na kinga yenyewe ndiyo hii hapa inazungumza."

Walinzi waliokuja kujifunza kwake walimwita Bi Kipenga, kwa ajili ya kipenga cha chuma alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Walidhani hajui. Alijua, tena jina lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake, kwa hiyo aliwaacha waendelee kunong'ona.

Uwanja wenyewe ulikuwa nje kidogo ya mji, mahali palipochimbwa kokoto zamani. Mbele kulikuwa na tuta la udongo, refu kupita nyumba, na ubavu wake ulikuwa umechakaa kwa kutobolewa na risasi za watu wa kila namna. Nyuma kulikuwa na paa la bati, na chini ya paa sakafu ya saruji iliyopigwa mstari mwekundu. Mpigaji husimama kwenye mstari. Wanaosubiri zamu hukaa kwenye benchi nyuma yake. Nyuma ya benchi kuna ukuta na geti la chuma, na bendera nyekundu ikipanda mlingotini hakuna anayeingia, awe nani. Getini kulikuwa na kibao kimeandikwa "Usipige honi", kibao ambacho, kama vibao vingi duniani, kilisomwa na wale tu ambao hawana gari.

Sheria zake zilikuwa nne na aliwaimbisha watu wazima kama watoto wa chekechea. Kila bunduki ina risasi, hata ile uliyoitoa risasi mwenyewe sasa hivi. Mtutu uangalie tuta, wakati wote, hata ukipiga chafya. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka jicho liikubali shabaha. Kipenga kikilia, kila kitu kinasimama.

"Mwalimu, na nzi akinitua puani?" mmoja aliuliza asubuhi ile, na benchi zima likacheka.

"Mwache apumzike. Nzi hajawahi kuua mtu kwa bunduki. Endelea kucheka, lakini chekea tuta."

Kundi la siku hiyo lilikuwa la kampuni moja ya ulinzi, na kicheko chao kilikuwa cha juu juu tu. Kampuni ilikuwa imepata kazi ya kulinda mabenki, na mabenki hayakutaka mlinzi wa rungu. Bosi alishawatangazia: mwisho wa mwezi, asiye na cheti cha silaha arudishe sare. Kwa hiyo kila aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa na mke, au mama, au wadogo zake, wamekaa naye bila kuonekana.

Na mmoja wao alikuwa mkwe wake Bi Kipenga, mume wa binti yake wa pekee.

Binti alikuwa amepiga simu jana yake.

"Mama, kesho mwenzangu anakuja kwako."

"Najua. Nimeona orodha."

"Usimkazie sana."

"Nitamkazia kama wengine."

"Mama, jamani! Huyo ni baba wa mjukuu wako."

"Ndiyo maana sitamlegezea. Bunduki haina shemeji wala mkwe, mwanangu. Lala salama."

Alisema hivyo kwa sauti ya kazini, kisha akakaa muda mrefu na simu mapajani. Alimpenda yule kijana. Hakuwa na maneno mengi, hanywi, na alimheshimu mkwewe mpaka heshima yenyewe ikawa mzigo: miaka yote ya ndoa hajawahi kumtazama usoni kwa muda wa kumaliza sentensi. Kazi yake ilikuwa geti la ofisi kuu ya kampuni. Hapo ndipo alipojijengea jina. Aliyajua magari kwa milio yake, na honi ya Bosi, mbili fupi na moja ndefu, ilikuwa haijamalizika kulia naye keshasimama, visigino vimegongana, mkono uko kwenye paji la uso. Bosi alimtolea mfano kwa wengine. "Mwangalieni huyu," alikuwa akisema, "hata akisinzia masikio yako kazini."

Asubuhi ile alipofika kwenye mstari aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hapa uniite Mwalimu."

"Ndiyo, Mama."

Benchi likacheka tena. Bi Kipenga alimwita pembeni msaidizi wake, mwanajeshi mstaafu mwenye goti bovu na ulimi mzima, ambaye wote walimwita Sajenti. Alimwomba wabadilishane pande, Sajenti asimamie kulia alikosimama mkwe, ili kijana asitetemeke.

"Thubutu!" Sajenti alisema. "Nimkaripie mimi, halafu nyumbani lawama ziwe zangu? Simama naye mwenyewe, mama mkwe. Mimi na goti langu tunatosha huku."

Basi alisimama naye. Na kusema kweli, kijana hakuhitaji kukaziwa. Alipakia bunduki ile ndefu taratibu, akaiweka begani, akapumua, akapiga. Karatasi ya shabaha ilitoboka mahali panapotakiwa kutoboka. Alipiga tena, na tena, na matundu yakakaa pamoja kama ndugu wanaopatana. Sajenti alinyoosha shingo kutoka upande wake, akainua nyusi. Bi Kipenga moyoni alishaanza kumpigia binti yake simu ya jioni, ile ya kusema, haya, umefurahi?

Ilibaki duru ya mwisho. Alipaza sauti mara moja, wakapakia. Kukawa kimya, kile kimya cha watu walioziba masikio. Viziba masikio hupunguza mlio lakini haviuui. Ndiyo maana kipenga husikika. Na ndiyo maana honi nayo ilisikika.

Mbili fupi, moja ndefu. Gari la Bosi lilikuwa getini.

Walinzi wengine walishtuka mabega tu. Mkwe aligeuka. Hakugeuza shingo, aligeuka mzima mzima, kwa ustadi, kama alivyogeuka maelfu ya asubuhi: visigino vikagongana, bunduki ikahamia mkono wa kushoto, kiunoni, mkono wa kulia ukapanda usoni. Akakakamaa hapo, kifua mbele, macho getini. Na mtutu katika kugeuka kwake ulipita juu ya benchi zima, kichwa kwa kichwa, ukaja kutulia kwenye tumbo la Bi Kipenga.

Hakukumbuka baadaye kama alipuliza kipenga kabla au baada ya kuushika mtutu. Aliusukuma juu, kisha akaugeuza mpaka ukaangalia tuta, akaichukua bunduki, akaifungua. Risasi iliruka ikaanguka kwenye saruji, nzima, ikabiringika mpaka chini ya benchi. Walinzi waliokuwa wameketi walinyanyua miguu kana kwamba ni nyoka.

"Toka kwenye mstari," alisema.

"Mama, mimi..."

"Toka. Kaa kule ofisini. Umeshindwa."

Bendera iliposhushwa, Bosi aliingia akitabasamu, mtu mnene mwenye mwendo wa haraka. Alikuwa ameona kila kitu kupitia mianya ya geti, na alichoona yeye kilimfurahisha.

"Mwalimu, umemwona kijana wangu? Hiyo ndiyo nidhamu! Mtu yuko na bunduki mkononi na bado anamjua mkubwa wake."

"Nidhamu hiyo nusura initoboe utumbo," Bi Kipenga alijibu. "Kibao cha getini hukukiona?"

"Kosa langu, nakubali, honi nimepiga mimi. Basi mkosaji ni mimi. Kijana mwachie."

"Wewe umekosa na nitakuandikia. Lakini honi haikushika bunduki. Yeye ndiye aliyeshika."

Bosi aliacha kutabasamu. Hakuwa mtu mbaya, ila alizoea kufunguliwa mageti. Alimvuta Sajenti kando, wakanong'ona, kisha akarudi na kanuni ya uwanja mdomoni, kwa sababu Sajenti aliijua na hakujua kunyamaza: msimamizi anaweza kumrudisha mtu kwenye mstari akiridhika kwamba kosa halitarudiwa. Sahihi ya msimamizi tu, basi.

"Sijaridhika," alisema Bi Kipenga.

"Utaridhika lini?"

"Siku nikiridhika utaona sahihi."

"Nafasi yake nitamshikia mpaka Jumatatu. Zaidi ya hapo siwezi, benki wananisukuma."

Usiku huo simu haikulia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama ingelia. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Bi Kipenga alipika akala nusu. Alijiuliza kama angemfukuza mtu mwingine kwa kosa lile, na jibu lilikuwa ndiyo, bila kupepesa. Wiki hiyo hiyo alishamtoa mwenye duka mmoja kwa kuweka kidole mahali kidole kisipotakiwa, na mtutu ukiwa umeangalia tuta. Lakini mwenye duka yule alirudi dukani kwake. Huyu wa kwake alikuwa anarudi nyumbani kukaa. Sheria ni msumeno, watu husema, hukata mbele na nyuma. Wasichosema ni kwamba aliyeushika naye hukatwa.

Walikuja Jumapili alasiri, wote, kwa pikipiki ambayo mkwe aliazima kwa kaka yake. Watu wawili na mtoto mdogo juu ya pikipiki moja, na kofia ngumu moja. Siku nyingine Bi Kipenga angewapokea kwa hotuba. Siku hiyo aliimeza.

Binti hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mtoto kiunoni, khanga imemlegea begani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nimeisikia tangu shule. Leo nimeielewa."

"Mke wangu, usimwambie Mama hivyo," mkwe alisema kutoka kwenye ukingo wa kochi.

"Nitamwambia! Wewe huwezi hata kumtazama. Mama, mtu amepiga shabaha kuliko wote. Sajenti mwenyewe amesema. Halafu mtu kapiga honi huko nje, kashtuka. Nani asiyeshtuka? Mara moja tu, Mama! Mara moja, na mimi mwisho wa mwezi nile nini na mtoto? Kesho jioni nafasi inaondoka."

"Alikwambia mtutu uliangalia wapi?"

"Uliangalia pembeni. Aliniambia uliangalia pembeni."

Mkwe aliangalia zulia. Bi Kipenga alimwangalia yeye, na hasira aliyokuwa ameiweka tayari ikamkosa, kwa sababu aliona kijana hakudanganya kwa ujanja. Alikuwa hajapata mdomo wa kumwambia mkewe kwamba alimwelekezea mama yake bunduki. Nani angeupata?

"Sawa," alisema. "Tuseme pembeni. Unasema hatarudia?"

"Hawezi kurudia. Kwa lile alilolipata? Hata umwamshe usingizini."

"Na wewe, baba, unasemaje?"

"Sitarudia, Mama," mkwe alisema, na safari hii alimtazama usoni mpaka mwisho wa sentensi.

Bi Kipenga alikwenda jikoni akarudi na ufagio wa mpini mrefu. Lazima isemwe kwamba alitaka afaulu. Aliutoa ufagio ule akiwa tayari kesho yake asubuhi kutia sahihi, na moyo wake ulikuwa umeshaandika tarehe. Alitaka kuridhishwa tu.

"Hii ni bunduki. Ukuta ule wenye kalenda ni tuta. Simama, weka begani. Mwenzako atatoka nje kwenye pikipiki, atapiga honi wakati wowote anaotaka. Mtutu usitoke kwenye kalenda. Ukibaki hapo, kesho saa mbili nasaini."

Binti alicheka, cheko la kwanza tangu waingie. "Hayo tu? Mama, anajua kwamba itapigwa! Nitapiga hata mara kumi."

"Mara moja inatosha. Nenda."

Alitoka na mtoto wake kiunoni, kandambili zikipiga sakafu kwa ushindi. Mkwe alisimama, akauweka ufagio begani, akaangalia kalenda. Alikuwa anaona haya, maana ilimbidi kumpa mkwewe mgongo.

"Samahani kwa kukupa mgongo, Mama."

"Leo mgongo ndio heshima. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Kifua tu kinamsumbua asubuhi."

"Apunguze kulala na dirisha wazi. Na lile paa lenu, mlishaziba?"

"Nimeziba upande wa jikoni. Upande wa chumbani nasubiri bati."

"Bati zimepanda bei."

"Zimepanda kweli, Mama. Nilikwenda juzi kuulizia, fundi akaniambia..."

Mbili fupi, moja ndefu. Binti alikuwa ameipiga ile ile ya Bosi, aliyosimuliwa na mumewe, ili mambo yaishe vizuri kabisa, na honi iliponyamaza tu alikimbilia ndani kuja kumcheka mama yake.

Visigino viligongana. Vilikuwa vimevaa soksi tu, kwa hiyo havikutoa mlio wowote. Ufagio ukahamia mkono wa kushoto, kiunoni, mkono wa kulia ukapanda usoni, na mkwe akakakamaa katikati ya sebule, kifua mbele, macho mlangoni. Mpini ulikuwa umeelekea moja kwa moja kwa mtoto. Mtoto aliuona, akafurahi, akanyoosha mkono akaushika kwenye ncha kama anavyoshika kila kitu.

Kijana aliangalia mkono wake wa kushoto, kisha mtoto, kisha kalenda iliyokuwa nyuma yake.

"Sikusikia nafsi yangu ikiniambia geuka," alisema. "Wallahi, Mama, nilikuwa nawaza bati."

Machozi yalimtoka Bi Kipenga, na hakuyaficha. Alitaka kusema kwamba mazoea yana taabu, kwamba yanatolewa kama yalivyoingia, kwa kurudiarudia, kwamba watayatoa hata kama ni kwa ufagio, hapa hapa, kila Jumapili. Alitaka pia, na hili lilimuuma, kusema kwamba ule ni ufagio tu.

Binti alishuka kwa magoti. Alikifungua kiganja cha mwanawe kutoka kwenye mpini, kidole kimoja kimoja, mtoto akilalamika, mpaka kikaachia. Kisha akamhamishia kiuno cha pili, mbali na ufagio.

"Mama," alisema, "usisaini."